Hongo ya Krismasi

Desemba katika uwanda wa kati wa Tanzania ni mwezi wa njaa. Msomaji wa visiwani, aliyezoea mvua za vuli na za masika, huenda asilione jambo hili upesi. Lakini Ugogo una msimu mmoja tu wa mvua, nao huanza karibu na mwezi huo na kukoma Aprili, na katika mwaka wa kawaida hautoi zaidi ya milimita 600 hivi. Uwele na mtama huvunwa baada ya hapo. Kwa hiyo Krismasi huwakuta watu jembe mkononi, mbegu zimekwisha kufukiwa ardhini, na vihenge vimebaki vumbi. Ni sikukuu inayokuja wakati ambapo mwenye kutaka kualika hana cha kupakua.

Hii ndiyo sababu, katika mji mmoja mdogo wa nyanda hizo, wenyeji wa karamu ya Krismasi hawakuwa Wakristo. Walikuwa wenye maduka, na wenye maduka walikuwa Waislamu wawili na Mhindu mmoja. Mji wenyewe hautatajwa jina hapa, kwa kuwa watoto wa waliohusika wangali hai, na katika habari za duka kumtaja mtu ni kutaja na deni lake. Yatosha kusema kwamba umo kando ya Reli ya Kati, ile iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na kwamba kabla ya reli hapakuwa na mtaa, palikuwa na kisima tu, mibuyu, na nyumba za tembe zilizotawanyika, zenye mapaa bapa ya udongo.

Reli ilileta stesheni, na stesheni ikaleta maduka. La pembeni lilikuwa la Mwarabu ambaye wazee wake walitoka Omani, wakakaa Unguja, kisha Bagamoyo, kisha wakafuata njia ya bara kituo baada ya kituo. Aliuza chumvi, sukari, tende na halua; alinunua ngozi, asali na nta. La kati lilikuwa la Mhindi Mwislamu aliyeuza kaniki, khanga na majora ya marekani, na barazani kwake alikaa fundi cherehani, mtu wa Mrima. La tatu lilikuwa la Banyani, muuza misumari, mabati, majembe na mafuta ya taa, ambaye katika maisha yake yote hakuna aliyepata kumwona akila nyama.

Hakuna mtu wa mji ule anayekumbuka karamu ilivyoanza. Wanachokumbuka ni utaratibu wake. Siku nne kabla ya sikukuu wale watatu walikutana kwenye baraza la duka la kati, wakanywa kahawa, wakagawana mzigo. Mwarabu alitoa mbuzi. Muuza nguo alitoa mchele na samli. Banyani, kwa kuwa nyama haikumhusu, alitoa sukari, majani ya chai, kuni, na taa mbili za karabai za kuangaza mkesha. Fundi cherehani hakuwa na mali ya kutoa, lakini ndiye aliyechinja, akielekea kibla na kutaja jina la Mungu, ili nyama ile iweze kuliwa na kila mtu mtaani. Mbuzi wa Krismasi alichinjwa na Mwislamu, na katekista hakuliona jambo hilo kuwa geni hata kidogo. Sehemu nyingi za Tanzania lingali si geni.

Baada ya ibada, kwaya ilishuka kutoka kanisani ikiimba, na watu nyuma yake. Mikeka na majamvi yalikuwa yametandikwa barabarani tangu duka la pembeni hadi la tatu, maana magari yaliyopita hapo kwa siku hayakuzidi mawili, na siku ile yalisubiri. Pilau ilipakuliwa katika masinia, watu watano kwa sinia moja. Wanawake wenye asili ya pwani ndio waliopika. Wanawake wa Kigogo walileta maji, tena kwa kichwa, kutoka kisimani. Alasiri ngoma zilitolewa. Muheme ni ngoma ya wanawake, nao huishika katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, na sauti yake humfikia mtu tumboni kabla ya kumfikia masikioni. Misheni haikuzipenda ngoma. Katekista, aliyekuwa mtu wa busara, alikuwa na desturi ya kuaga mapema siku hiyo.

Watoto walikuwa na haki yao peke yao. Walipanga mstari mbele ya kila duka, wakanyoosha viganja na kudai “mkono wa sikukuu.” Msomaji wa pwani atautambua mara moja usemi huo: ni mkono wa Idi, ile zawadi ndogo apewayo mtoto anapozunguka kwa jamaa baada ya sala. Wafanyabiashara waliufikisha bara pamoja na chumvi na kaniki. Hawakuwa na namna nyingine ya kuijua sikukuu ila kwamba mtoto asirudi mkono mtupu, na walipoikuta sikukuu ya wengine wakaifanyia walivyoifanyia ya kwao. Kila mtoto alipata peremende na senti 10, ile sarafu ya zamani yenye tundu katikati. Wasichana walizitunga sarafu zao katika uzi na kuzivaa hadi jioni, na kesho yake wakazirudisha dukani kununua sukari.

Hapo ndipo penye mashaka, na watu wa mji ule hawakuwa wajinga wa kutoyaona. Senti iliyotoka dukani ilirudi dukani. Mwenye duka aliyempakulia mtu pilau tarehe 25 ndiye aliyekuwa na daftari lenye jina la mtu huyohuyo. Januari na Februari mkulima hukopa debe la mahindi kwa bei ya njaa. Juni hulipa kwa karanga au mtama kwa bei ya mavuno. Na tofauti ya bei hizo mbili ndiyo iliyojenga nyumba za mabati katikati ya tembe. Pwani wana msemo wa kale kwamba Baniani mbaya kiatu chake dawa. Bara msemo huo haukuhitaji kufundishwa. Yupo mzee aliyekuwa akisema, huku akilamba vidole vyake vyenye samli, kwamba pilau ya Krismasi ni mbegu, na mwenye duka ndiye anayejua siku ya kuvuna.

Je, karamu ile ilikuwa hisani au biashara? Ili kulijibu swali hili inafaa kurudi nyuma, kwenye neno ambalo lilikuwa na maana nyingine katika nchi zile. Karne ya kumi na tisa, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ililazimika kupita Ugogo. Ilipumzika Mpwapwa, mahali penye maji ya mlimani, ambapo wamisionari wa CMS walifika mwaka 1876. Kisha ikavuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunywa. Aliyetoka nyika ile hai alijikuta mbele ya watemi wa Kigogo, na visima vilikuwa vyao. Kila mtemi alidai hongo: pima kadhaa za kaniki, za marekani, shanga, waya. Msafara haukuendelea mpaka hongo ikubaliwe, na mashauri yake yaliweza kuchukua siku nyingi. Burton aliyepita mwaka 1857 na Stanley aliyepita mwaka 1871 wote wawili wamejaza kurasa kwa kuilalamikia.

Mfasiri akilikuta neno hili katika habari za wasafiri hujikuta taabuni, kwa sababu Kiswahili cha leo kimelishusha hadhi. Leo hongo ni rushwa, kitu kinachopitishwa chini ya meza. Wakati ule ilitolewa mchana mbele za watu, na aliyeipokea hakuona haya. Ilikuwa ni kukiri kwamba nchi hii ina wenyewe, kwamba maji haya yana wenyewe, na kwamba mpita njia hali wala hanywi kwa nguvu za fedha zake peke yake. Msafiri aliiona kuwa unyang’anyi. Mtemi aliiona kuwa adabu.

Reli iliimaliza hongo ya njiani, maana treni haimngoji mtemi. Lakini ukiitazama ile mikeka iliyotandikwa barabarani na wajukuu wa watu wa misafara, mbele ya wajukuu wa wenye visima, katika mwezi ambao wenye nchi hawana chakula na wageni wanacho, ni vigumu kutoiona hongo ileile imerudi kwa mlango mwingine. Hakuna aliyeidai, na hakuna aliyethubutu kutoitoa. Katika miaka ya Mtunya, ile njaa kuu ya kati ya 1917 na 1920, majeshi ya Vita Kuu yalipokuwa yamechukua nafaka, ng’ombe na vijana, kisha mvua ikagoma, watu wengi mno walikufa Ugogo. Kumbukumbu hiyo haikuwa mbali. Mwenye duka aliyekaa juu ya magunia alijua amekaa miongoni mwa nani.

Hata hivyo hongo huenda upande mmoja, na mwanamke mmoja wa mji ule hakuridhika nayo. Ilikuwa Krismasi ya mwaka 1961, wiki mbili baada ya Uhuru. Ukame ulikuwa umeichoma mikoa ya kati, kisha mvua zikaja kwa kishindo zikachukua mbegu. Mwanamke huyo, mjane, alikuwa na debe tatu daftarini. Wenzake walipoketi masiniani yeye alikwenda moja kwa moja hadi duka la pembeni, kitenge chake cha kila siku kimefuliwa, na kwapani ana kuku.

“Mbukwa, bwana.”

“Mbukwa, mama. Karibu, kaa. Sinia linakuja.”

“Sikai kabla hujapokea.”

Mwarabu alimtazama kuku, akadhani ameelewa. “Mama, leo daftari limefungwa. Hakuna anayelipa leo.”

“Silipi deni. Deni nitalilipa kwa karanga, Mungu akinijalia kuvuna. Huyu ni wa kula. Mtu haendi kwa mwenziwe mwaka hata mwaka mikono mitupu.”

Waliokuwepo wanasimulia kwamba mwenye duka alikaa kimya kitambo, kwa sababu alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba kuku yule alikuwa wa mwisho. Kumkataa ilikuwa ni kumfanya mama yule ombaomba mbele ya mtaa mzima. Kumpokea ilikuwa ni kumla kuku wa mjane mwenye njaa. Alimpokea, kwa mikono miwili. Kisha akaagiza achinjwe na apikwe palepale, akateremka kutoka barazani, akaketi mkekani na kula naye, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla, kwa kuwa desturi ya wenye maduka ilikuwa kusimama na kuangalia wageni wanavyokula.

Mwaka uliofuata wengine nao walikuja na vitu. Aliletwa kuku tena. Kikaletwa kibuyu cha asali, mlenda uliokaushwa, ubuyu, maziwa ya mgando. Havikufikia hata robo ya thamani ya mbuzi na mchele, na hakuna aliyevipima. Lakini mtaa ulianza kutandikwa pande mbili, na wenye maduka wakaanza kuketi. Banyani alipewa asali, na alifurahi mno kupata hatimaye kitu anachoweza kula.

Kupokea na kurudisha kwa namna hii hakukuishia katika chakula. Katika miaka hiyohiyo, Mgogo wa Chamwino, Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, alikuwa akifanya kazi ya aina ileile kwa wino. Mwaka 1954 ilitoka historia yake ya Wagogo, mila na desturi zao. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaichukua bahari ya utenzi, iliyokomaa pwani na visiwani mikononi mwa masheikh na mabinti zao katika kuzieleza habari za Mitume na vita vya Uislamu, akaisimulia kwayo Injili. Hakuomba ruhusa, wala washairi wa pwani hawakumwona mwizi, walimpokea. Wala hakuishia kupokea. Ngonjera, ushairi wa kujibizana jukwaani uliofundishwa kote shuleni katika miaka ya ujamaa, ni yeye aliyeupa umbo na umaarufu. Aliyepewa sinia alirudi na kuku.

Kisha yakaja mabadiliko. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Kuanzia mwaka 1970 watu wa Dodoma walihamishwa kutoka makazi yaliyotawanyika na kukusanywa katika vijiji vya ujamaa, na tembe nyingi zikabaki magofu. Mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba Dodoma itakuwa makao makuu ya nchi. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi yafungwe, na mahali pake yashike maduka ya vijiji. Nia ilikuwa kumkomboa mkulima na lile daftari, na asiyelijua daftari asiicheke nia hiyo. Lakini mahali pengi duka jipya lilikosa chumvi kabla la zamani halijasahauliwa, na serikali yenyewe ililazimika kupunguza mwendo.

Katika mji ule yote matatu yalifungwa. Krismasi ya mwaka 1976 iliangukia Jumamosi. Ibada ilikwisha, kwaya ikashuka kama kawaida, kwa sababu njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ni hiyohiyo. Mtaa ulikuwa mtupu. Mwarabu alikuwa ameketi barazani mbele ya milango iliyofungwa, amevaa kanzu safi, na hakuna aliyejua alikuwa akingoja nini. Huenda hata yeye hakujua.

Mjane ndiye aliyetangulia. Alikuwa mtu mzima sana sasa. Alikuja na ugali wa uwele katika kibuyu kilichokatwa, na mlenda, na nyuma yake walikuja wanawake sita au saba. Si wengi. Waliokuwa na madeni makubwa hawakuja, wala viongozi wa kijiji hawakuonekana, ingawa mmoja wao alimtuma mwanawe na maziwa, mtoto akaambiwa asiseme ametumwa na nani. Hapakuwa na mikeka. Walikula barazani, Mwarabu, fundi cherehani na wanawake wale. Muuza nguo alikuwa amekwisha kuondoka. Banyani alitoka baadaye, akala mlenda, akauliza umepikwaje. Watoto walisimama mbali, wakingoja mkono wa sikukuu ambao haukuwepo, hata fundi akaingia ndani na kutoka na vifungo vya mashati, akampa kila mmoja kimoja.

Karamu haikurudi. Mwarabu alipanda treni kwenda Dar es Salaam mwaka 1977. Ikafuata vita ya Uganda ya 1978 na 1979, ikafuata miaka ya foleni za sukari na sabuni, ikafuata kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya walanguzi, ambamo sanduku la sabuni chini ya kitanda lilitosha kumfanya mtu mhujumu. Biashara ilipoachiwa tena katikati ya miaka ya 1980, maduka yalifunguliwa na watu wengine: Wagogo wenyewe, Warangi, Wachaga. Wengi wao ni Wakristo, na Krismasi hufunga maduka na kula nyumbani kwao, kama ilivyo haki ya kila mtu. Dodoma imekuwa jiji tangu mwaka 2018, na madirisha ya maduka yake makubwa hupambwa kwa taa za rangi tangu Novemba. Mteja hulipa, hupewa risiti, na hakuna anayemdai mwenziwe kitu.

Daftari la duka la pembeni halikuondoka na mwenyewe. Alimwachia fundi cherehani, labda kwa sababu karatasi zilikuwa adimu na nyingi zilikuwa hazijaandikwa. Fundi alizitumia miaka mingi kuandikia vipimo: mabega, mikono, urefu wa gauni, vipimo vya watoto walioshonewa nguo za sikukuu. Alipofariki, mjukuu wake alilichukua, na kwa kuwa kurasa za mwanzo zilikuwa za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, alimpelekea mwalimu wa chuo amsomee.

Kurasa hizo zilikuwa na walichotarajiwa: majina, debe, shilingi, tarehe. Mengi yamepigwa mstari kwa kulipwa. Mengine hayakupigwa, likiwemo la mjane, ambaye alibakiza nusu debe. Mwenye duka hakumsamehe mtu yeyote kabla ya kuondoka, alikuwa mfanyabiashara. Lakini mwalimu alipofika ukurasa wa mwisho wa sehemu ile alisimama, akausoma tena. Juu paliandikwa kwa mkono uleule, “Ninayodaiwa.” Chini yake mna mistari kumi na mitano hivi, inayoanza na kuku mmoja, Krismasi 1961, na kuishia na ugali wa uwele na mlenda, Krismasi 1976. Hakuna hata mmoja uliopigwa mstari.